Morgan, Nzi wa Ndizi na Ugonjwa Unaoiba Mwendo

Katika shule za sekondari za Kitale na Bungoma, ambako nimefundisha somo la biolojia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, jina la Thomas Hunt Morgan hutajwa kwa muda usiozidi nusu saa. Mwalimu huandika ubaoni kwamba mtu huyo alimpandisha nzi dume mwenye macho meupe kwa nzi jike mwenye macho mekundu, wanafunzi hunakili mchoro wa kromosomu, hesabu hufanywa, kengele hulia. Mwanafunzi hutoka darasani akiujua uwiano wa tatu kwa moja, lakini hajui Morgan alikuwa nani, hajui kwa nini alimchagua nzi badala ya ng'ombe, wala hajaambiwa kwamba nzi mwenyewe yuko pale kwa mama muuza ndizi, hatua chache kutoka lango la shule. Hilo ndilo linalonifanya niandike leo habari za maisha ya bwana huyo, pamoja na habari za kazi ambayo nzi wake wanaifanya hivi sasa ya kutufumbulia ugonjwa wa neva za mwendo.

Kwanza tuelewane kuhusu mdudu. Mkulima wa maembe akisikia nzi wa matunda humfikiria yule mharibifu aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, ambaye hulidunga tunda na kutaga mayai ndani yake. Huyo siye. Ninayemzungumzia ni mdogo zaidi, urefu wake yapata milimita tatu, mwili wa rangi ya kahawia na macho mekundu, anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi na vyungu vya busaa. Wataalamu humwita drosofila. Ushahidi uliokusanywa na watafiti waonyesha kwamba asili yake ni Afrika, katika misitu ya kusini mwa bara hili, kabla hajafuatana na binadamu na vyakula vyake hadi pembe zote za dunia. Kwa hiyo nzi aliyempatia Morgan sifa alikuwa, kwa nasaba, jamaa yetu.

Morgan alizaliwa tarehe 25 Septemba 1866 katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, mwaka mmoja tu baada ya Wamarekani kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ukoo wake ulikuwa na jina kubwa. Baba yake mkubwa alikuwa jenerali aliyepigana upande wa majimbo yaliyotetea utumwa, akauawa vitani mwaka 1864. Na babu wa mama yake ndiye aliyetunga shairi lililokuja kuwa wimbo wa taifa la Marekani. Kijana mwenyewe hakuvutiwa na bunduki wala beti. Alipenda kuzunguka mashambani akiokota mawe, mayai ya ndege na wadudu. Mwaka 1890 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kwa utafiti juu ya buibui wa baharini, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr.

Huko Bryn Mawr alimfundisha mwanamke aliyeitwa Nettie Stevens. Mwaka 1905 Stevens aliwachunguza mbawakawa kwa hadubini na kuonyesha kwamba dume hutofautiana na jike kwa kromosomu moja ndogo. Vitabu vyetu vingi vya shule havimtaji kabisa. Jambo la kushangaza ni kwamba Morgan, aliyekuwa mwalimu wake, wakati huo hakuamini kwamba kromosomu ndizo zinazobeba urithi. Wala hakumwamini Mendel, ambaye kazi yake ya njegere ilikuwa imefufuliwa mwaka 1900 na kushangiliwa kote Ulaya na Marekani. Morgan aliwaona wafuasi wa Mendel kuwa watu wanaobuni kitu kisichoonekana kila wanapotaka kueleza kitu kinachoonekana. Alilisema hilo hadharani, hata mwaka 1909, mwaka mmoja kabla ya nzi kumgeuza.

Napenda wanafunzi walishike hilo. Mtu ambaye mtihani unamtaja kuwa nguzo ya nadharia ya kromosomu aliingia katika kazi hiyo akiwa mpinzani wake.

Mwaka 1904 alihamia Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, na mwaka huohuo akamwoa Lilian Sampson, mwanabiolojia mwenzake. Chumba alichopewa baadaye kwa ajili ya nzi kilikuwa na urefu wa mita saba hivi na upana wa mita tano, na ndani yake zilibanwa meza nane. Mkungu wa ndizi ulining'inia pembeni. Nzi walifugwa katika chupa za maziwa, ambazo, kwa mujibu wa masimulizi ya wenyewe, hazikununuliwa zote. Mende walijaa madroo. Harufu ya ndizi zilizochacha iliwafukuza wageni. Sababu ya kumchagua nzi haikuwa na utukufu wowote: nzi ni rahisi. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, kizazi kimoja hukamilika kwa siku kumi hadi kumi na mbili, na kromosomu zake ni jozi nne tu. Mwenye kutaka kutazama vizazi thelathini vya ng'ombe lazima aishi zaidi ya karne. Mwenye nzi huvipata kwa mwaka mmoja.

Kwa muda wa miaka miwili hivi Morgan hakupata kitu. Aliwatesa nzi wake kwa joto, kwa baridi, kwa tindikali, kwa mionzi ya radiamu, akitafuta badiliko moja la wazi la kurithiwa. Mwaka 1910 ndipo alipotokea dume mmoja mwenye macho meupe katikati ya ndugu zake wenye macho mekundu. Hadithi nyingi zimesimuliwa juu ya dume huyo, kwamba Morgan alimbeba nyumbani usiku akalala naye kando ya kitanda; sitaapa kwamba ni kweli. La hakika ni kwamba alimpandisha kwa majike wenye macho mekundu, akapata watoto 1,237 wenye macho mekundu. Wajukuu walipozaliwa, macho meupe yakarudi, lakini kwa madume peke yao. Majike wote 2,459 walikuwa na macho mekundu.

Hapa nawaomba walimu wenzangu watue kidogo. Ukiwahesabu wajukuu wale, wenye macho mekundu waliwazidi wenye macho meupe kwa zaidi ya mara nne, si mara tatu kamili kama tunavyoandika ubaoni. Nzi wenye macho meupe ni dhaifu zaidi, na baadhi yao hufa kabla ya kuhesabiwa. Morgan aliichapisha hesabu kama ilivyotoka. Alikiri mbele ya dunia kwamba sifa ya rangi ya jicho husafiri pamoja na kromosomu ya jinsia, yaani Mendel alikuwa na haki, na wale wa kromosomu pia walikuwa na haki.

Kilichofuata kilikuwa mafuriko. Vijana wake, Alfred Sturtevant, Calvin Bridges na Hermann Muller, waligundua badiliko baada ya badiliko: mabawa mafupi, miili ya manjano, macho ya rangi ya zambarau. Sturtevant, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, alikesha usiku mmoja akiacha kazi zake za masomo, akachora ramani ya kwanza ya mpangilio wa jeni katika kromosomu; ilichapishwa mwaka 1913. Mwaka 1915 wote wanne wakatoa kitabu kilichogeuza somo la urithi kuwa sayansi ya vitu vyenye mahali pake. Si kwamba palikuwa na amani tupu. Muller alilalamika kwa miaka mingi kwamba bwana mkubwa alizikawia fikra za vijana kisha akazipokea sifa zake. Naye Lilian, baada ya kuwalea watoto wanne, alirejea maabara na kugundua katika miaka ya 1920 nzi ambaye kromosomu zake mbili za X zimeungana, ushahidi mzito kuliko mwingi wa mumewe. Hata hivyo hakupewa cheo chochote hadi mwaka 1946, mumewe akiwa kaburini.

Muller ndiye aliyeonyesha, mwaka 1927, kwamba mionzi ya eksirei huweza kuzibadilisha jeni. Tangu siku hiyo binadamu hakulazimika tena kungoja bahati.

Morgan alihamia California mwaka 1928 kuanzisha idara ya biolojia katika taasisi ya teknolojia ya huko, Caltech, na mwaka 1933 akatunukiwa tuzo ya Nobel ya tiba. Hakwenda Stockholm kwa sherehe. Alikwenda mwaka uliofuata kutoa mhadhara wake. Fedha za tuzo aligawa kati ya watoto wake na watoto wa Bridges na Sturtevant. Katika mhadhara ule alikuwa mkweli kupita kiasi kwa mtu aliyepewa tuzo ya tiba: alisema kwamba mchango mkubwa wa elimu ya jeni kwa tiba, hadi wakati huo, ulikuwa wa kifikra. Alifariki mjini Pasadena tarehe 4 Desemba 1945, akiwa na umri wa miaka 79.

Ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia ulikuwa tayari unajulikana. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1869. Kuna seli za neva zinazoteremka kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo, na nyingine zinazotoka uti wa mgongo kwenda kwenye misuli. Hizo ndizo neva za mwendo. Katika ugonjwa huu hufa moja baada ya nyingine. Msuli usiopata amri hunyauka. Mgonjwa huanza kwa kudhoofika mkono au mguu, au ulimi kuwa mzito, kisha udhaifu huenea mpaka kufikia misuli ya kupumulia. Wengi hawamalizi miaka mitano. Mchezaji mashuhuri wa besiboli wa Marekani, Lou Gehrig, aliambiwa anao mwaka 1939, akafa mwaka 1941.

Nami niliuona karibu. Katika kijiji kimoja upande wa Chwele, wilayani Bungoma kama tulivyokuwa tukiita enzi hizo, palikuwa na fundi seremala ambaye nyundo ilianza kumponyoka mkononi. Misuli ya bega lake ilikuwa ikitetema chini ya ngozi hata akiwa ametulia. Baada ya mwaka mmoja alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati. Akili yake ilikuwa timamu kabisa, akafuatilia kila neno lililosemwa mbele yake, na yaliyosemwa mengi yalikuwa juu ya nani amemroga. Ng'ombe wawili waliuzwa kwa ajili ya waganga. Alipokufa, mwanawe, ambaye nilikuwa nikimfundisha, alinifuata baada ya kipindi cha jeni na kuniuliza kama jambo lile limo katika damu yao.

Swali hilo ni zito kuliko lolote nililowahi kukuta katika karatasi ya mtihani, na jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni faraja: takriban mgonjwa mmoja tu kati ya kumi huupata ugonjwa huu kwa urithi unaoonekana katika ukoo. Waliobaki huupata bila ndugu yeyote kuwahi kuwa nao. Fundi yule hakuwa na jamaa mwingine aliyeugua hivyo, na nilimwambia kijana hilo. Sehemu ya pili ni kwamba wale wachache wenye kuurithi ndio waliotufungulia mlango, kwa maana kwao inawezekana kuitafuta jeni yenyewe. Mwaka 1993 ilipatikana ya kwanza, iitwayo SOD1. Mwaka 2006 watafiti waligundua kwamba protini nyingine, TDP-43, hujikusanya mabonge katika neva za karibu wagonjwa wote, wawe wamerithi au hawakurithi.

Lakini kuipata jeni si kuijua kazi yake. Huwezi kuibadilisha jeni ya mtoto wa mtu ili utazame kama atashindwa kutembea. Hapo ndipo anaporudi nzi wa Morgan, kwa sababu takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina mfano wake katika mdudu huyu. Mwaka 1982 watafiti walifaulu kumpandikizia nzi jeni kutoka nje, na mwaka 1993 ikabuniwa mbinu ya kuiwasha jeni hiyo mahali panapotakiwa tu, kwa mfano katika neva za mwendo peke yake, mwili mwingine ukabaki kama ulivyo. Na utamjuaje nzi aliyepokea jeni mpya, naye ni mdogo kama punje ya ufuta? Mara nyingi hutumiwa nzi wa macho meupe, na jeni inayopandikizwa hufungwa pamoja na ile ya macho mekundu. Nzi akizaliwa na macho mekundu, mtafiti ajua mzigo umefika. Yule dume mmoja wa mwaka 1910 angali kazini.

Kisha hufuata jaribio ambalo hata mtoto wa shule ya msingi angelielewa. Nzi kumi au ishirini huwekwa katika chupa nyembamba ya kioo iliyosimamishwa wima. Chupa hugongwa mezani, nzi wote huanguka chini. Nzi mzima ana silika ya kupanda juu, na kwa sekunde chache karibu wote huwa wamefika kileleni. Mtafiti ana alama kwenye chupa na saa mkononi: ni wangapi wameivuka alama baada ya sekunde kumi?

Majibu yaliyopatikana yastahili kusomwa polepole. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba nzi waliopandikizwa jeni ya SOD1 ya binadamu katika neva zao za mwendo walianza maisha wakipanda vizuri, kisha uwezo ukawapungua kadiri siku zilivyokwenda, kama ulivyompungua fundi wetu. Hata hivyo neva zao hazikuwa zimekufa. Zilikuwapo, ila hazipitishi amri ipasavyo. Maana yake ni kwamba mwendo huharibika kabla ya seli kufa, na kwamba huenda kuna muda wa kuiokoa. Mwaka 2009 watafiti wa mji wa Trieste, Italia, waliiondoa katika nzi jeni inayolingana na TDP-43. Kwa nje nzi hao walionekana wazima, lakini mwendo wao ulikuwa mbovu, umri wao mfupi, na ncha za neva zinapokutana na misuli zilikuwa na kasoro. Waliporudishiwa, katika kundi dogo la neva zikiwemo za mwendo, protini ya TDP-43 ya binadamu, mwendo ulirejea. Protini ya mtu ilimtembeza nzi!

Wengine wakafanya kinyume, wakaiongeza TDP-43 badala ya kuiondoa, na nzi wakashindwa kupanda vilevile. Protini hii hushughulikia ujumbe unaonakiliwa kutoka katika jeni kabla ujumbe huo haujatumika kutengeneza protini nyingine. Ikipungua, kazi haifanyiki, na ikizidi, inasumbua. Kwa SOD1 mambo ni tofauti: panya walioondolewa jeni hiyo kabisa hawakupata ugonjwa huu, jambo linaloonyesha kwamba hapo kosa ni sumu ya protini iliyoharibika, si upungufu wake. Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Dawa iitwayo tofersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa wenye kasoro ya SOD1, hufanya kazi kwa kupunguza utengenezaji wa protini hiyo. Mtu akitaka kuwatibu wagonjwa wa TDP-43 kwa njia hiyohiyo, nzi wa Trieste wanamwonya. Naomba nisieleweke vibaya. Nzi si binadamu, hana uti wa mgongo, na dawa hiyo haikutokana naye peke yake. Panya na wagonjwa wenyewe walichangia sehemu kubwa. Wala haiponyi, na huwahusu wachache sana kati ya wagonjwa wote.

Wengine watasema mambo haya ni ya matajiri. Mjini Ishaka, magharibi mwa Uganda, si mbali sana nasi, vijana wa Afrika wamekuwa wakifunzwa utafiti wa neva kwa kutumia nzi hawa tangu mwaka 2011, na kilichowavutia wakufunzi ni unafuu wa mdudu mwenyewe. Kitale tuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974, lililotokana na mkusanyo wa mlowezi Hugh Stoneham aliyetumia maisha yake kukusanya vipepeo na wadudu wengine. Nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi, nami nalipenda. Lakini mdudu aliyechomwa pini hapandi chupa, na Morgan hakugundua lolote kwa kutazama waliokufa.

Shule haiwezi kubadilisha jeni, wala haina haja. Nzi wa kawaida hupoteza uwezo wa kupanda anavyozeeka, na hilo lapimika bila senti. Chukueni chupa mbili safi, ndizi iliyopondwa na kutiwa hamira kidogo, na pamba ya kuziba. Wawekeni nzi wa umri wa wiki moja katika chupa moja na wa wiki tano katika nyingine, gongeni mezani, hesabuni kwa sekunde kumi, rudieni mara tano, na mwandike hesabu kama ilivyotoka. Hali ya joto ikiwa nyuzi 25, yai huwa nzi kamili kwa siku kumi hivi. Ikiwa nyuzi 18, muda huo hukaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo shule za Kitale, kwenye baridi ile, ziweke chupa zao karibu na jiko, la sivyo za Bungoma zitatangulia kuhesabu.